Gari la Mtaa wa Esanse

Ninakaa Esanse, mtaa wenye jina la petroli,
na gari langu halinywi hata tone.
Watu wa Bukavu hawaachi neno kama hilo lipite.
Balagizi fundi viatu, kila asubuhi:
"Mwenye umeme, leo limekula nini?"

Ni dogo, jeupe, mkono wa tatu.
Nililinunua ng'ambo ya Ruzizi
kwa mtu aliyehamia ghorofani
akakosa pa kupitishia waya.
Mimi nina dirisha la jikoni.
Waya unatoka hapo, juu ya sufuria ya maharagwe,
unapita chini ya kamba ya nguo,
unavuka mfereji juu ya vijiti viwili alivyochonga Cikuru,
na gari linanyonya, kimya, kama ndama.

Nsimire ameweka sheria: ugali kwanza, gari baadaye.
Viwili kwa pamoja, swichi kubwa inaruka,
na Mama Cibalonza mwenye friji ya sambaza
anagonga ukuta kwa mwiko.
Akigonga mara tatu, sambaza zimeanza kulegea.

Umeme wetu hauna saa. Una tabia.
Saa saba za usiku taa ya barazani inawaka yenyewe,
nami nashtuka kama zamani kwa kilio cha mtoto,
natoka pekupeku, napapasa kichwa cha waya,
nachomeka,
nangoja kijani.
Kijani kikija nabaki nimesimama pale, sina kazi,
nasikiliza feni ndogo ikivuma chini ya boneti.
Nsimire anasema yeye sijawahi kumkesha hivyo.
Si kweli, ila sibishani na mtu aliyefumba macho.

Asubuhi Cikuru anasoma namba kwa sauti:
"Baba, sitini na moja!"
Mtaa mzima unajua nimebakiwa na ngapi.
Hata mfuko wangu haukuwahi kuanikwa namna hii.

Kazi yangu mayai. Trei arobaini hadi Cimpunda,
na Cimpunda ni juu,
barabara ina mashimo ambayo watu wameyapa majina.
Hamsini na nane. Hamsini na tano. Hamsini.
Nazima redio, nazima feni,
napunguza hata kupumua.
Nyuma yangu mayai yametulia,
abiria pekee wasiouliza kwa nini injini hainguruki.

Lakini kushuka!
Nainua mguu, na ule mlima ulionikopa
unaanza kulipa, senti kwa senti:
hamsini na moja hapo sokoni Kadutu,
ambapo kwa mama mwenye beseni la ndizi kichwani
natoa kichwa dirishani nasema samahani,
maana hakunisikia nikija, na honi ingemwangusha;
hamsini na mbili, Nyawera.
Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Mimi nikishuka ndipo ninapopanda.

Kisha ikaja wiki ya mvua. Nguzo ikalala chini,
siku tatu giza.
Gari likabaki na tisa, mayai yakabaki chumbani kwetu,
trei hadi juu ya kabati,
tukilala tunanong'ona tusiyavunje.
Balagizi akaja na kidumu, petroli nusu,
akakiweka juu ya boneti kama mtu anayeweka maua,
akaenda zake.
Sikucheka.
Baadaye nikacheka.

Jioni tukaimimina yote
katika jenereta ya Mama Cibalonza.
Sambaza zikapona.
Na kwa waya uleule, juu ya sufuria ileile,
gari likapanda kumi, kumi na mbili, kumi na nne,
likatosha kwenda Cimpunda, na kurudi ni deni la mlima.

Sikumwambia mtu.
Alfajiri nikamkuta Balagizi ameinama mbele ya gari,
pua karibu na tundu la waya,
ananusa
kama mke anayemnusa mumewe aliyeapa kuacha pombe.