Karani wa Mizani

Miaka kumi na tisa nimepima samaki wa wenzangu
hapa Mwaloni, Kirumba:
sangara, dagaa kwa gunia, furu enzi zile bado wapo,
na mabondo, ambayo hupimwa kwa kunong'ona.
Nipe samaki gizani, nitakutajia kilo zake,
nami nitakosea kidogo tu, kwa faida ya tajiri.

Mguu wangu wa kushoto ndio sikuujua.

Ulianza kufa ganzi nikitembea.
Hatua mia, unageuka mchanga ndani ya soksi.
Nikisimama wima, moto unashuka toka kiunoni;
nikiinama, unazimika.
Ndipo nikawa naomba kusukuma mkokoteni wa Bwire,
mimi, karani, mwenye kiti na kalamu sikioni,
nimeuegemea kama ninayesaidia,
naye Bwire ananitazama, hasemi kitu.

Kwandu alisema nimerogwa na watu wa ushirika.
Mama alisema ni uzito wa heshima:
"Tangu upate kiti, mwanangu, mwili umekukubali."
Kweli ulinikubali. Shingoni ulinikubali, tumboni ulinikubali,
mkanda ukaongezwa matundu kwa msumari wa moto.
Nilikopita waliniita bosi.
Chipsi mayai saa nne usiku, soda mbili,
ya pili ya kuisindikiza ya kwanza.

Bugando wameiweka juu ya kilima,
labda wajue mapema nani anaumwa kweli.
Nikalazwa ndani ya bomba linalogonga
kama mafundi wa mitumbwi wanaogombea msumari mmoja.
Kisha Daktari Majura akawasha picha.
"Hii nyeupe," akasema, "ni mafuta."
Nikadhani ananionyesha tumbo.
"Hapana, Lugembe. Huu ni mfereji wa uti wa mgongo.
Kila mtu ana mafuta kidogo humu, godoro la mishipa ya fahamu.
Godoro lako limemlalia mlalaji."

Kifuko cha mishipa, kilichopaswa kuwa duara,
kimebanwa pande tatu hadi kuwa panda ya manati.
Panda ya manati! Nilichonga nyingi utotoni kule Igombe,
tawi la mpera, mpira wa baiskeli.
Sikujua nitakuja kuotesha moja mfupani.

"Umewahi kumeza steroidi muda mrefu?"
Sijawahi.
Akachukua utepe, ule ule wa mafundi cherehani,
akanizungushia kiuno, akaandika.
Sukari, akaandika. Presha, akaandika.
Mafuta kwenye ini, akaandika polepole.
Kumbe barua ilikuwa moja, anwani ndizo nyingi.

Jioni nilipita kwenye feri ya Kamanga.
Magugu maji yamejaa gatini,
laini, ya kijani, na maua yake ya zambarau,
na kivuko kizima, chenye malori, kinanguruma palepale.
Hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na adui wa kupigwa nondo.
Kitu laini tu, kilichokosa kikomo.

Jumapili, soko lilipopoa, nilipanda mizani yangu mwenyewe,
miguu mitupu juu ya magamba makavu.
Kilo mia na nne. Mshale haukunionea haya.
Lakini mizani hujua uzito, haijui mahali;
yale ya mfupani, machache kama dagaa wa kuonja,
ingeyapima ikasema si kitu.

Sasa natembea alfajiri, nahesabu nguzo za umeme.
Wiki ya kwanza nne,
kisha nachuchumaa kama mtu aliyedondosha sarafu.
Kwandu amekata ugali ukawa ngumi ya mtoto.
Majura anasema huenda mafuta yatapungua,
huenda kisu kisihitajike.
Huenda, mara mbili;
nami namfahamu mtu anayepima gizani.

Leo nguzo kumi na moja.
Ya kumi na mbili ina tangazo la mganga
anayetibu ganzi, madeni na wivu wa kazini.
Nimeiegemea, nimeinama,
nasoma namba yake ya simu, tarakimu moja moja,
hadi mguu urudi.