Gari la Mokowe

Alipoingia ukumbini kwetu, Langoni,
alikuja na ufunguo tu.
Gari lenyewe alikuwa ameliacha ng'ambo, Mokowe,
chini ya turubai, na mlinzi aitwaye Komora,
shilingi mia mbili kwa siku.

Washenga wakaweka halwa, wakaweka tambuu,
na katikati ya sinia, juu ya asumini,
Twalib akaweka ufunguo:
mweusi, mzito, wenye vitufe vinne,
kama mtu anayeweka neno la mwisho.

Shangazi Somoe akauchukua, akaunusa,
akabonyeza.
Hakikulia kitu. Maji yako kati.
"Mwasema ni jeupe," akasema. "Mimi siyaliona."
Nyuma ya pazia niliuma ncha ya leso
nisisikike.

Msidhani nilikuwa mjinga wa magari.
Malindi, nilikokwenda kujifunza kushona,
nimeliona gari likioa.
Gari ndilo lililomtongoza Sidi, mwenzangu wa cherehani,
likampigia honi dirishani, likampeleka ufukweni,
likaenda kwao kutoa mahari.
Mwezi wa saba wakaja watu wa mkopo, wakalivuta.
Sidi akabaki sebuleni
na mwanamume asiyemjua,
ameketi, anauliza chakula.

Kwa hiyo nilisema: nionyesheni kwanza.
Tukavuka kwa boti, mimi na mama,
naye mbele, kanzu imepigwa pasi hata kwenye kivuli chake.
Akabonyeza, na taa zikawaka mara mbili.
Sitasema uongo.
Nilihisi kama nimeitwa kwa jina.

Kiti cha mbele kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa,
kimelazwa,
kwa mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu.
"Ni kaka yangu," akasema.
Sikuwa nimeuliza.

Tulikwenda hadi Hindi tukarudi.
Njia nzima alizungumza na kioo.
Tuliwapita watu waliotoka msikitini,
tukawavika vumbi, hakutoa salamu,
na yule aliyeuliza hali ya shangazi, hali ya mbuzi,
hali ya jino la baba,
sikumwona ndani ya gari lile.
Mama, nyuma, alijifunga mtandio shingoni
akasema baridi hii ni ya kununua.

Niliporudi Amu nilikuwa na jibu, na lilikuwa hapana.
Nimelishika kinywani kama kokwa ya tende,
natafuta pa kulitema.

Kichochoroni tukakutana na punda wawili
wamebeba saruji.
Kijana wao, hata miaka kumi hajafika,
akapaza sauti: "Pisha, we bwana, pisha!"
Na Twalib akapisha.
Akajibana ukutani, chokaa ikamla mgongo wote,
ufunguo ameunyanyua juu ya kichwa
kama mtu anayevuka mto na mkate.
Kisha akajitazama.
Akacheka hadi akashika magoti,
akamwamkia yule mtoto kwa adabu
kama anavyoamkiwa mkwe.

Ndipo nilipomwona.
Wanawake huniuliza mpaka leo, tukianika nguo:
"Niambie kweli, lilikuwa gari?"
Nawaambia gari liliwaleta washenga mlangoni.
Ya punda nawaficha. Ni yangu.

Mwaka wa nne huu.
Kila Ijumaa baada ya sala tunavuka kulizuru,
kama jamaa aliyelazwa.
Komora sasa anataka mia tatu.
Gurudumu moja limelala, paka amezaa juu ya boneti,
na mtoto wa mtu ameandika vumbini: *nioshe*.
Twalib hulipangusa kioo kwa pindo la kikoi,
hajawahi kusema atauza, wala mimi sijamwambia auze.

Naingia, naketi.
Wiki ile ya harusi nilikivuta kiti mbele, meno matatu,
miguu yangu ikagusa chini.
Kila Ijumaa, kabla sijasema lolote,
napapasa kwa kisigino.

Kipo pale pale nilipokiacha.