Bahari ya Lita Sitini

Saskatoon, Januari. Mto umeganda hadi nguzo za daraja.
Ndani, Orest amepiga magoti mbele ya kioo,
mkono umezama katika chumvi hadi kiwiko,
anageuza pampu: kushoto kidogo,
hapana, imetimua mchanga wote.

Nyuma ya jiwe maji yamelala.
Huko uchafu hupata makazi,
huko ute mwekundu hutandika mkeka wake.

Anaielekeza pampu kwenye kioo,
mkondo ugonge, uvunjike, urudi mpole.
Sifongo ya chujio anaikamua ndooni:
rangi ya chai, harufu ya soksi.

Halafu tumbawe, lililojikunyata tangu Jumanne,
linanyoosha kidole kimoja.

“Daryna,” anaita, chini chini, asilishtue.
“Njoo. Usiwashe taa.”