Ndani ya Mlango wa Mashine

Saa tatu asubuhi, na zege la paa
limeshaanza kula soli.
Tumepanda na Zainafi vipago ishirini na viwili,
yeye na pampu ya kunyunyizia, mimi na mfuko wa spana;
chini yetu ghorofa mbili za watu
waliokuja mjini Mtwara kuulizia malipo ya pili ya korosho.

Kwanza swichi. Nikaizima,
nikatia kufuli, ufunguo mfuko wa shati,
na kikaratasi: FUNDI YUKO PAANI. USIWASHE.
Kisha bisibisi ya mpini wa mpira
nikaigusisha kapasita. Ikatoa cheche moja, ta!
kama mtu anayemalizia neno lake
baada ya kunyamazishwa.
"Umeona? Imezimwa, haijafa."

Skurubu tatu zilitoka. Ya nne kutu tupu.
Chumvi ya Shangani haina adabu,
inapanda mpaka huku bila ngazi.
Nikaipa mafuta, nikaisubiri.
Nusu ya kazi hii ni kusubiri kutu.

Mlango ukafunguka, na ndani yake,
kwa kalamu za wino mzito,
wote waliotutangulia:

     Mkanda mpya. H. Nachundu.
     Beringi inalia. H.N.
     Beringi bado inalia, nimewaambia. H.N.
     Beringi. H.N.
     Mota mpya, feni mpya.

Hili la mwisho mwandiko mwingine, halina jina.

Zainafi akasoma kwa sauti, kidole kikifuata,
akacheka pale pa beringi,
kisha akaacha kucheka.
"Huyu D.L. ni wewe?"

Ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza.
     Chujio limebadilishwa. D.L.

Halikubadilishwa.
Bosi alikuwa na machujio mawili na majengo matano.
Ligonge ukutani, akasema, lirudishe, uandike.
Nikaligonga, nikaandika
vumbi lake likiwa bado kwenye meno.
Hakuna aliyekufa.
Koili iliziba pumzi, ikaganda barafu,
barafu ikayeyuka, maji yakapita darini
yakamdondokea karani juu ya daftari,
majina ya kijiji kizima yakawa doa moja la bluu.
Wakalaumu mvua.
Mwezi wa saba, mvua!

Nilimsimulia Zainafi nusu.
Nusu nyingine nadhani aliisoma mwenyewe,
maana alishika kazi bila kuuliza tena.

Mapezi ya koili yalikuwa yamelala
kama nyasi palipopita ng'ombe.
Tukayachana kwa kitana chake, mstari kwa mstari.
Sabuni tukaipiga kutoka ndani kwenda nje,
uchafu urudi kwa njia uliyojia.
Maji yakatoka meusi,
yakatoka rangi ya chai,
yakatoka maji.
Kwenye bomba la kumwagia tukakuta ute,
na ndani ya ute ganda la korosho.
Tukamwangalia kunguru. Kunguru akaangalia pembeni.

Chujio jipya Zainafi aliliinua juani:
mwanga ukapita, ukamchora miraba usoni.
La zamani akaliinua pia,
uso wake ukabaki gizani.

Nikamwomba kalamu. Alikuwa ameshaandika,
herufi kubwa, chini kabisa ya zangu:

     Chujio jipya. Nimeliona kwa macho yangu. Z.M.

Sikuongeza kitu.

Tukafunga. Ufunguo, kufuli, swichi.
Kompresa ikaguna, ikajikohoza, ikashika.
Nikaweka viganja kwenye mabomba mawili:
moja la moto,
lingine likaanza kutoka jasho, baridi,
na jasho langu likalidondokea.

Haikupita robo saa, mlinzi Likwemba
akaita kutoka uani, mikono mdomoni:
"Fundi! Kuna bibi hapa wa Newala
anasema mnataka kumuua kwa baridi!"

"Mpe kiti cha karibu na mlango!" akajibu Zainafi
kabla sijafungua kinywa.

Tukashuka, yeye mbele.
Skurubu ya nne ninayo mfukoni,
niitafutie mwenzake dukani.