Herufi Mia na Sitini

Ujumbe wa simu hauzidi herufi mia na sitini,
nafasi nazo zikihesabiwa.
Hilo ndilo shamba langu, jembe langu kidole,
ofisi ya tahadhari ya wilaya, ghorofa ya pili,
juu ya duka la viatu,
milima ya kati ya Ureno, mwezi wa Agosti.

Ukutani ramani, kwenye ramani pini,
na kila pini ina wenyewe.
Cerdeirinha: watu thelathini na mmoja,
mdogo wao ana miaka hamsini na minane.

Jumanne nilituma: Hatari ya moto. Kaeni chonjo.
Upepo ukageuka, moto ukalala ng'ambo ya mto.
Alhamisi nilituma: Jiandaeni kuondoka.
Wakajiandaa. Zulmira alifunga picha za marehemu kwenye shuka,
akaketi mlangoni na viatu vya kanisani miguuni
hadi alfajiri. Hakikuja kitu ila majivu,
mepesi, kama unga uliopepetwa na mvivu.
Ijumaa akanipigia:
"Mwanangu, mara ya tatu utanikuta nimelala."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si moshi.
Neno likitumwa sana huchakaa kama sarafu;
lisipotumwa, watu hufa
nalo limo mfukoni mwangu, jipya, linang'aa.

Jumamosi, saa kumi na dakika kumi,
sauti ya Adérito kwenye redio, imekauka:
"Umeruka barabara."
Mikalitusi haiungui, hulipuka.
Magome yake hupaa yakiwaka,
yakatua kwa mtu ambaye hajaona hata moshi.
Cha mwenzao kilipokuwa kikinyolewa
watu wa Cerdeirinha walitia chao maji:
mapaa, vizingiti, hata mbwa.
Maji yalikauka kabla ya mpira kukunjwa.

Nikaandika: Wakazi wanashauriwa.
Nikafuta. Nani amewahi kukimbia kwa kushauriwa?
Nikaandika: Huenda ikalazimu.
Nikafuta "huenda". Nikafuta "ikalazimu".
Dakika mbili zilikuwa zimekwisha kuteketea.

Ondokeni sasa. Barabara ya kinu imefungwa.
Piteni ya makaburini. Basi liko kanisani.
Mbuzi wafungulieni.

Herufi mia moja na nne. Zilibaki hamsini na sita.
Mwongozo unasema: usipambe, usitaje mtu.
Nilimwona amelala, shuka la picha kando yake,
nikaongeza:
Zulmira, safari hii ni kweli.
Nikabonyeza.

Watu elfu tatu walipokea jina la bibi mmoja.
Wengine, naambiwa, walicheka.
Dereva wa lori alisimama kando ya njia akauliza, Zulmira ndiye nani?
kisha akainua macho, akaona kilima.
Kuna walioamini kwa sababu hiyo tu:
serikali haimjui mtu kwa jina
ila siku mambo yamemwagika.

Zulmira aliamka. Alipita kwa Abílio,
ambaye hana simu wala haitaki,
akamkuta anaifunika mizinga yake kwa magunia mabichi.
"Mimi nimetajwa," alimwambia, "nawe utakuja."
Walipanda basini na mzinga mmoja magotini.
Njia nzima hakuna aliyethubutu kukohoa.

Nyumba tisa hazipo. Kinu hakipo.
Mbuzi wanne walirudi wenyewe, nyeusi hadi kwenye ndevu.
Adérito yuko hospitali mjini, mkono wa kulia;
anauliza upepo kila asubuhi, kama mtu anayeulizia mkewe.
Pini ya Cerdeirinha sijaing'oa.

Leo nimeletewa fomu.
Eleza sababu ya kutaja jina la raia
katika tangazo la umma.
Chini yake mistari, ukurasa mzima,
na nyuma mwingine,
na maandishi madogo: unaweza kuongeza karatasi.

Hakuna anayehesabu herufi hapa.
Nimekaa nayo tangu asubuhi.
Nimeandika tarehe.