Fomu ya Mihayo

Nilikwambia uache.
Miaka mitatu iliyopita, Mbuke, darasa la pili B,
shule ya kule Kayenze, mvua ikitwanga bati
hata ikabidi nipaze sauti, nikaonekana mkali kuliko nilivyo:
"Mama, mnamchanganya mtoto. Lugha mbili zinamlemea.
Nyumbani semeni Kiswahili tu."
Ukaitika kwa kichwa. Ukasema, "Wabeja,"
kisha ukajiziba mdomo kwa kiganja
kwa kuwa hata shukrani ilikwishakuwa kosa.

Fomu ilikuwa na picha ishirini.
Mihayo akaonyeshwa lifti, akatazama dirishani.
Akaonyeshwa jiko la gesi, akakuna goti.
Akaonyeshwa samaki, akasema: sato.
Na alikuwa sato kweli, mchoraji hakukosea pezi,
lakini jibu lililotakiwa ni samaki.
Nikaweka sifuri.

Nne kati ya ishirini.
Nikaandika "uwezo hafifu", mwandiko wangu mzuri,
mimi Kokushubila, Muhaya wa ng'ambo ya ziwa,
nisiyejua Kisukuma cha kuombea maji,
wala sikujua kwamba Mihayo, kwa lugha yenu,
ni maneno.

Leo nimerudi kwa bodaboda, faili kwapani.
Mwalimu mkuu ameniandikia: mtoto amekuwa bubu.
Nimekukuta unaanika dagaa juu ya jabali,
mkono ukiwasambaza bila kuwatazama.
Nikauliza, mnaongea naye?
Ukahesabu kwa vidole vyenye magamba:
"Kiswahili changu, mwalimu: njoo. Kula. Oga. Lala.
Kimeisha."

Kwa maneno manne umemlea miaka mitatu.
Mimi ndiye niliyekupimia hayo manne.

Safari hii sikutoa picha.
Nilimwomba Shija, binti wa dada yako, akae katikati yetu,
tukamwaga vifuniko vya soda chini.
*Imo, ibili, idatu*, akaenda vizuri,
akafika *inne*, akarudi *ibili*, akakwama.
Tukajaribu moja, mbili, tatu,
nne, mbili.
Kimya.
Alipotelea palepale, njia zote mbili,
basi si njia zilizompoteza.

Shija akamnong'oneza kuliani, akageuka.
Akamnong'oneza kushotoni, jina lake mwenyewe,
akaendelea kupanga vifuniko.
Nikainama. Usaha mkavu, wa siku nyingi.
"Lilimuuma kabla hajaanza shule," ulisema kupitia kwa Shija,
"lakini hukuniuliza habari za sikio."

Hapana. Sikuuliza.

Jumanne tunakwenda Bugando, nauli nitatoa.
Darasani akae mbele, kushoto kabisa,
sikio zima liwaelekee wenzake.
Hesabu afundishwe kwa vifuniko, aanzie kwa lugha inayomjia,
mwalimu asimwonee haya, wala asimwonee huruma.
Na sikio si lote. Kuna jambo jingine huko ndani
linalomrudisha *ibili* kila mara;
jina lake sijalipata. Penye nafasi ya jina
nimeandika: bado.

Kisha nikasema lile nililolibeba tangu stendi:
"Mbuke, nilikosea. Ongea naye."
Shija akatafsiri. Hukuniangalia.
Hukusema umenisamehe, na sikutarajia;
ulinisogezea kibakuli cha matobolwa
kama mgeni yeyote.

Halafu ukaanza.
Kwanza taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika,
kisha kwa kasi, dagaa wakirukaruka mikononi,
na Mihayo akakusogelea kwa upande wa kulia,
mdomo wazi, akadakia neno, ukamrudishia, akacheka.
Sikuambulia kitu. Nikamuuliza Shija, anasema nini?

"Habari za mbuzi aliyekula noti ya mjomba.
Alikuwa akimsimulia zamani. Aliishia
mjomba amechukua kisu."