Mkono wa Kushoto

Picha yenyewe iliishia kwenye kiwiko.
Shashanka aliileta ndani ya daftari la benki:
baba yake kitini, kichwa wazi,
mkono wa kulia gotini, wa kushoto
umemezwa na ukingo wa karatasi.
"Nifinyangie mzee, urefu wa shubiri mbili.
Uso ukikosea, sichukui."

Hapa Ghurni uso si kazi. Kazi ni waya.
Nausokota uti wa mgongo kwa koleo,
nyuzi mbili zishuke miguuni, mbili zitanue mabega,
na kila kiganja kipate tano nyembamba
kama miiba ya samaki wa Jalangi.
Akiwa bado mifupa mitupu nampindisha:
keti, mzee. Inama kidogo. Basi.
Halafu mabua ya mpunga, uzi wa katani,
halafu udongo wa mtoni, niliouchuja kwa sari kuukuu.

Udongo hunywea ukikauka; waya haujui kunywea.
Ndiyo maana wanasesere wa wanagenzi hupasuka mapajani.
Mimi napaka kidogo, nangoja, napaka tena,
nawafukuza kuku, nangoja.

Mkono wa kushoto niliutunga.
Niliuazima kwa mume wangu,
vile anavyouacha juu ya mkeka akianza kusinzia,
vidole vyote vitano vimelegea.
Niliupenda kuliko uso.

Shashanka akarudi Jumatano, mvua ikinyesha.
Akaizunguka meza. Uso akaukubali kwa kichwa.
Kisha akanyamaza, palepale niliposubiri sifa.
"Baba alikuwa na vidole vitatu," akasema.
"Viwili vilibaki mashineni, kiwanda cha magunia,
mimi sijazaliwa. Mpiga picha alijua pa kukata."

Udongo uwahi uli maji,
na huu ulikuwa na siku tisa kavu.
Nilitaka kumuuliza, mbona hukunena?
Lakini mkono wake mwenyewe alikuwa ameuficha mfukoni,
wala hakujua kama ameuficha.

Nikachukua koleo. Cha mwisho, tak. Cha pete, tak.
Waya uking'aa pale ulipokatika.
Nikalowesha udongo kwa mate, nikafunika.
Yeye alikuwa akitazama mvua.

Alilipa. Akaomba apunguziwe rupia hamsini
kwa ajili ya vidole. Nikampunguzia.

Vile viwili nikavitupa ndooni.
Asubuhi udongo ulikuwa umetuama chini, tope tu,
na nyaya mbili nilizoziokota
bado zimejikunja
kwa usingizi wa mume wangu.